Karai la Mchanga la Mama Veneranda

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Veneranda Bukuru anatimiza miaka thelathini na minne ya utumishi na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Kitengo cha Vibali vya Njia za Miguu kimeniomba mimi, Eliakimu, niliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka tisa, niandike wasifu wake utakaowekwa kwenye ratiba ya sherehe. Nimeambiwa uwe mfupi na uchangamshe watu. Ufupi nitajitahidi. Kuhusu kuchangamsha, mstaafu mwenyewe ameniwekea sharti: kama jina la marehemu Mwanamvua halitaandikwa humu, basi na la kwake nisiliandike. Kwa hiyo waliokuja kwa ajili ya pilau wanivumilie kidogo.

Mama Veneranda, kama tunavyomwita wote, hata wale waliomzidi umri, alizaliwa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, kijiji ambacho mpaka leo kinafikiwa kwa boti. Baba yake alikuwa fundi wa boti. Mtoto huyo alijua kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyochovywa mafuta ya mawese kabla hajajua kusoma. Kwao ubao wa boti kuukuu ulikuwa na kazi zote: daraja la kuvukia, benchi la wageni, mlango wa choo, hata kitanda cha kumlaza maiti akisubiri kuoshwa. Naomba habari hii ya mbao muikumbuke, maana tutairudia.

Aliajiriwa Julai 1991 kama karani wa ushuru sokoni. Wakongwe wanasimulia kwamba wapo wachuuzi waliojifanya hawajui Kiswahili kila walipomwona karani akija. Mama Veneranda aliwasalimu "Mwakeye" kwa Kiha kilichonyooka, akakaa juu ya magunia yao, akawauliza habari za mama zao mmoja mmoja kwa majina. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuuliza ushuru wa nini. Kutoka sokoni alihamishiwa usimamizi wa mitaro, akavaa buti za mpira miaka mingi kuliko alivyovaa viatu vya ofisini, na mwaka 2012 kitengo chetu kilipoanzishwa akawa mkaguzi wake wa kwanza.

Kwa faida ya wageni wetu wasiojua tunafanya nini: barabara za lami zilipokuja na njia za waenda kwa miguu pembeni, watu wenye nyumba kando ya barabara nao walianza kupendezesha viwanja vyao. Mtu anataka ukoka, anataka vitofali vya njia, anataka mawe ya mapambo na udongo mweusi wa kutoka pande za Kidahwe. Vitu hivyo haviingii uani kwa kupaa. Vinaletwa na fuso, na fuso lazima lipande juu ya njia ya miguu, livuke mtaro, ndipo liingie getini. Kwa hiyo mwenye nyumba anaomba kibali. Analipa ada, ambayo ni ndogo kuliko bei ya lori moja la udongo, na anaweka dhamana, ambayo si ndogo, na ndiyo inayowaumiza watu. Dhamana inarudishwa pale njia na mifuniko ya mtaro inapokuwa imerudi kama ilivyokuwa. Fuso likivunja mfuniko, mwenye nyumba anaweka kifuniko cha muda kilicho salama, mkaguzi anakuja kukikagua, kisha kazi inaendelea.

Hakuna kazi yenye malalamiko mengi kama hii. "Yaani nipande maua kwangu, niwalipe nyie?" Swali hilo nimelisikia zaidi ya jina langu. Mama Veneranda alikuwa na jibu lake, analitoa bila kuinua macho kwenye ramani: "Maua panda hata leo, baba. Nakuuliza habari ya huyu anayepita nje."

Sasa habari ya anayepita nje.

Machi 2014, kwenye mtaa mmoja wa Ujiji, mwenye nyumba mmoja alikuwa akitengeneza bustani. Kibali alikuwa nacho, ada na dhamana alishalipa. Fuso la mawe likavunja mfuniko wa mtaro mbele ya geti lake. Akatafuta mbao mbili za boti, nene, zenye rangi ya bluu iliyopauka, akazilaza juu ya tundu. Mvua zilikuwa zinanyesha bila kupumzika. Mama Veneranda alifika kukagua akiwa na mwavuli, akasimama ng'ambo ya barabara kwa sababu upande ule maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kutoka pale aliiona rangi, akaona matundu ya misumari yaliyozibwa kwa pamba, akajua ni mbao za boti. Kwa binti wa fundi wa Mwamgongo hilo lilitosha. Aliinua mkono, mwenye nyumba akainua wake, ukaguzi ukawa umekwisha.

Ubao mmoja kati ya zile mbili ulikuwa umelala mchangani kwa miaka, tumbo chini. Juu ulikuwa mzima. Chini ulikuwa umeoza, unachimbika kwa kidole.

Kesho yake asubuhi alipita Mwanamvua, mke wa Khalfani fundi cherehani, akiwa na beseni la migebuka kichwani, akiwahi wateja wake. Alikanyaga ubao ule. Mtaro ulikuwa umejaa. Majirani walimtoa mbele zaidi, kwenye karavati, akiwa bado anapumua, na alikaa hospitali siku chache kisha akafariki. Samaki walizagaa kwenye maji mpaka mtaa wa chini, na wapo watoto waliowaokota, wasijue wametoka wapi. Niliandika sentensi hii nikaifuta, nikaiandika tena. Mama Veneranda aliniambia niiache, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kamati ya uchunguzi ilikaa. Mwenye nyumba alikuwa tayari kusema kwamba mbao alizilaza baada ya ukaguzi. Wapo wakubwa waliopendelea isemwe hivyo, maana ingemaliza mambo kwa amani, na Mama Veneranda alishaletewa ujumbe kwamba anachotakiwa ni kukaa kimya tu. Alisimama kabla hajaitwa. Maneno yake waliyasikia watu wengi na wanayakumbuka hivi: "Ubao niliuona. Nikaukubali. Nilikuwa ng'ambo ya barabara."

Alisimamishwa kazi, mshahara ukawa nusu, na aliporudi alirudi bila kupandishwa daraja. Niseme wazi kwa sababu sherehe za namna hii zina tabia ya kupaka rangi: cheo anachostaafu nacho leo ni kile kile alichokuwa nacho asubuhi ile ya Machi. Vijana aliowafundisha kushika futi wamempita. Mimi ni mmoja wao, na sijawahi kumsikia akilalamika. Nilichomsikia ni kuulizia magoti yangu kila nikipanda ngazi nikihema.

Aliporudi kazini alikwenda mwalo wa Kibirizi na karai la ujenzi. Akawaomba wanawake wanaouza samaki wamjazie mchanga uliolowa mpaka uzito ulingane na beseni la migebuka lililojaa. Walibishana nusu asubuhi. Huyu anajitwika anasema bado, yule anaongeza konzi mbili, mwingine anapunguza. Walipokubaliana, akachora alama kwa msumari ndani ya karai. Tangu hapo hakuna mtu aliyerudishiwa dhamana kwenye kitengo hiki kabla Mama Veneranda hajavuka juu ya mfuniko wake na karai lile kichwani, likiwa limejaa mpaka kwenye alama. Na kila mara alimtaka mwenye nyumba mwenyewe ndiye amtwike. Alisema anataka mtu ausikie uzito mikononi kabla ya kusema zege lake ni zima.

Hapa ndipo kuna vichekesho, na ninaomba nafasi ya vichekesho. Fikiria mama wa miaka hamsini na kitu, sketi ya ofisini, ngata ya kitenge kichwani, karai juu, anavuka taratibu mbele ya geti la mtu mwenye magari matatu, watoto wakimfuata nyuma. Bwana Oswald wa Buzebazeba, ambaye wengi wenu mnaijua bustani yake yenye mamba wa saruji, alimimina mfuniko kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonja. Mama Veneranda alipofika katikati ukalia "kwaa" na kutoa ufa. Hakurudi wala hakwenda mbele. Alisimama vilevile na karai lake, akasema kwa upole, "Bwana Oswald, naomba mkono, na usinivute." Oswald anasema alitetemeka kuliko siku ya harusi yake. Alimimina mwingine, mara hii kwa nondo, akaomba avuke mwenyewe na karai kwanza. Maua yote mtakayoyaona ukumbini leo yametoka kwake, na hakutaka hata nauli.

Lakini wakati sisi tunacheka, yeye alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kabla ya kustaafu, na chumbani kwetu tulilijua wote. Alitaka Khalfani amwambie neno.

Alikwenda msibani siku ya kwanza. Yeye Mkristo, ameenda peke yake, watu wanamjua ni nani. Hakufukuzwa. Khalfani alimwonyesha kwa mkono sehemu ya kukaa na wanawake, akaletewa chai kama wengine. Alikwenda arobaini. Akaendelea kwenda kila mwaka na sukari na unga. Lulu, binti wa marehemu, alimpokea mzigo na kumwamkia, "Shikamoo mama." Khalfani alikuwa anaendelea kushona. Hakumtukana, hakumlaumu, hakumwitikia. Kila siku akienda kwenye cherehani yake, akikaribia nyumba ile ya mfuniko, Khalfani anavuka barabara, anapita ng'ambo, kisha anarudi upande wake mbele kidogo. Mfuniko ulishawekwa mpya miaka mingi iliyopita, Mama Veneranda ameukagua kila mwaka hata pasipo kibali wala ombi la mtu, na bado Khalfani anapita ng'ambo. Mtaa mzima ulizoea. Wageni ndio walioshangaa mzee anayevuka barabara mara mbili bila sababu.

Siku moja nilimwambia Mama Veneranda kwa ukali kidogo kwamba deni lake alishalilipa, aache kujitesa, mtu asiyetaka kusema halazimishwi. Alinitazama akasema, "Eliakimu, sitaki anisamehe. Nataka anitukane hata kidogo, ili nijue amenisikia." Sikulirudia tena.

Mwaka jana nyumba ile ilinunuliwa na Bi. Shadia, mwalimu, asiyejua lolote. Mwaka huu naye akataka bustani: vitofali, ukoka, michungwa miwili. Aliomba kibali kama inavyotakiwa, akalipa, fuso likaingia, mfuniko mmoja ukameguka pembeni, akaumimina upya bila kusukumwa. Faili lake ndilo lililokuwa la mwisho mezani kwa Mama Veneranda. Tulikwenda Jumatano iliyopita, mimi naye, na karai kwenye bajaji.

Goti lake la kulia limefungwa bendeji tangu Februari, na daktari amemkataza kubeba mzigo. Nilijua hilo na nilijua hatasikia. Tulijaza mchanga mpaka kwenye alama. Akakunja ngata, akaiweka kichwani, akamwomba Bi. Shadia amtwike. Bi. Shadia alilitazama lile goti, akarudi nyuma. "Hapana mama yangu. Ukianguka hapa nitajibu nini kwa Mungu? Hiyo dhamana kaeni nayo." Mama Veneranda akanigeukia mimi, nami nikakataa. Nikajitolea kubeba mwenyewe. Akasema mimi nina shingo ya kuvalia tai. Tukabaki tumesimama, watu wazima watatu, karai liko chini, na wapita njia wanaanza kupunguza mwendo.

Khalfani alikuwa ng'ambo ya barabara, anakwenda kazini kwake. Alisimama. Alitutazama kwa muda mrefu kidogo, nikadhani atapita. Kisha akavuka, akaja upande wetu, mbele ya geti ambapo hakuwahi kukanyaga tangu msiba. Alisema "Asalaam aleikum" kwa wote, sio kwa mtu mmoja. Akainama, akashika karai kwa mikono miwili, akalinyanyua na kumtwika Mama Veneranda, taratibu, akilisawazisha juu ya ngata kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kila siku ya maisha yake. Nakiri kwamba wakati ule sikujua kama ninaona msamaha ama ninaona hukumu.

Mama Veneranda akavuka. Alikwenda polepole sana, goti likimsumbua, mkono mmoja umeshika karai. Katikati ya mfuniko alisimama kama kawaida yake, akauegemea kwa mguu mmoja kisha mwingine. Zege halikusema kitu. Khalfani hakupita juu yake. Alishukia barabarani, akazunguka, akamsubiri upande wa pili, na alipofika akamtua.

Ndipo akasema. Aliyasema huku akitazama karai, sio sisi, na sauti yake haikuwa kubwa. "Asubuhi ile nilimtwika mimi. Alisema beseni zito, apitie njia ya juu apumzike kwa shangazi. Nikamwambia pita hii hii, ni karibu." Alipangusa mchanga viganjani. "Wewe uliyasema yako mbele ya watu, mama. Mimi ya kwangu nilimficha hata Lulu."

Mama Veneranda alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye mchanga. Khalfani alimwachia mkono huo kwa muda, kisha akasema anawahi kazini, kuna sare za shule za watu. Akavuka barabara, akashika njia yake ya ng'ambo. Jana asubuhi nilipita Ujiji kwa makusudi nimwangalie. Bado anapita ng'ambo.

Siku ile tulirudi ofisini. Mama Veneranda alisaini faili la Bi. Shadia kwamba dhamana irudishwe, akalifunga, akaweka kichwa juu ya meza na kulia mpaka tukafunga mlango ili wateja wasimwone. Alipomaliza aliniambia kwamba miaka yote hii alidhani yule mtu amekaa kimya kwa sababu yake, kumbe kila mmoja alikuwa na ubao wake. Baadaye aliniambia kwamba Khalfani ameruhusu yaandikwe, kwa sharti kwamba Lulu ayasikie kwanza kutoka kinywani mwa baba yake. Ameshayasikia. Leo Lulu yuko ukumbini, na ndiye atakayemvisha mstaafu khanga.

Uongozi haujaamua kama kipimo cha karai kitaendelea, kwa kuwa hakimo katika kanuni yoyote. Karai lenyewe liko chini ya meza yangu, na watu wanaosubiri dhamana zao wiki ijayo wajiandae kunitwika. Tai nitaivua.

Mama Veneranda, kitengo chako kinakushukuru. Umetufundisha kazi, umetucheka tulipostahili, na umebeba mzigo ambao ulipewa nafasi ya kuutupa. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na uzee wenye wajukuu wengi wanaopiga kelele.

Tunajua kesho Jumamosi unapanda boti Kibirizi kurudi nyumbani moja kwa moja. Tunajua pia, kwa sababu tumesafiri nawe, kwamba tangu mwaka ule hukanyagi ubao wa kushukia. Unavua viatu na kushuka majini na nguo zako, watu wakidhani ni mazoea ya kwenu. Kesho pale Mwamgongo watakuwekea ubao kama wanavyowawekea wengine. Inama kwanza uutazame upande wa chini, uuguse kwa kidole, uchukue muda wako. Walio nyuma yako watasubiri.